Jiko la Ndani, Riko la Nje

Nyumba nyingi za Gakindu, katika eneo la Mukurwe-ini kusini mwa Kaunti ya Nyeri, zina majiko mawili. Moja limo ndani, lina sinki la chuma, vigae ukutani na meko ya gesi. La pili liko nje, hatua chache kutoka mlango wa nyuma: kibanda cha mabanzi na mabati, kuta nyeusi kwa masizi, kuni zimepangwa pembeni. Wenyeji huliita riko, neno la Kikuyu lililo ndugu wa damu wa neno la Kiswahili jiko. Chai ya alfajiri hupikwa ndani. Githeri huchemka nje. Anayekarabati lile la ndani bila kulihesabu la nje hupanga nusu ya kazi. Ndiyo maana makabati mengi maridadi, kuanzia Mukurwe-ini hadi Karatina na Kerugoya, yamebaki kutunza vikombe vya wageni huku mapishi yenyewe yakiendelea kwenye moshi.

Mgawanyo huo una historia yake. Katika boma la Wakikuyu wa zamani hakukuwa na chumba cha kupikia, kwa kuwa nyumba ya mwanamke ndiyo iliyokuwa jiko: moto katikati, mafiga matatu, malazi kandokando. Mwanamume alikuwa na nyumba yake, thingira. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, alieleza jinsi nyumba ya namna hiyo ilivyojengwa ikamalizika kwa siku moja. Moshi ulipenya polepole kwenye nyasi za paa na kufukuza wadudu ulipokuwa ukitoka. Mambo yalibadilika wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia watu kwenye vijiji vya lazima, na mashamba yakaunganishwa na kupimwa upya. Familia zilipotoka vijijini humo zilijenga kwenye vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, nyumba juu karibu na barabara, ng'ombe na kahawa chini yake. Nyumba mpya zilikuwa za pembe nne na paa la mabati. Bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, iliwapa baadhi ya wakulima pesa za kuta za mawe na dari ya mbao. Chini ya dari moshi hauna pa kupenyea. Moto ukahamishiwa nje, na mwanamke akahama nao. Gesi ilipofika baadaye, upishi ulirudishwa ndani katika chumba ambacho hakikuchorwa kwa upishi, mara nyingi stoo iliyopachikwa sinki.

Kwa hiyo kupanga jiko hakuanzi na rangi ya makabati. Kunaanza na daftari. Kwa wiki nzima huandikwa kila kilichopikwa, kwa watu wangapi, kwa muda gani na kwa sufuria ya ukubwa gani. Orodha ya nyumba ya kawaida ya Mukurwe-ini hujirudia: chai ya maziwa mara tatu au nne kwa siku, uji, githeri, mukimo, ugali na sukuma, chapati mwisho wa juma, maziwa ya kuchemshwa kila jioni. Kisha kuna siku ambazo daftari la wiki haliwezi kuzionyesha: wavunaji wa kahawa wanaolishwa Novemba, wajukuu wa Nairobi wanaojaa Desemba, siku ya ruracio, yaani ya mahari, siku ya msiba. Jiko linalotosha chai ya watu watano halitoshi ruracio, na si lazima litoshe. Hapo ndipo riko linapodai nafasi yake kwenye mchoro.

Githeri yenyewe ina sababu ya kisayansi ya kukaa nje. Mji wa Nyeri uko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100 kama Mombasa, na mahindi makavu na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kulainika hata moto ukiwa mkali vipi. Saa tatu za gesi kwa sufuria moja ni gharama inayouma. Kuni za miti ya mukima iliyopogolewa shambani hazinunuliwi. Sufuria ya presha hupunguza muda huo sana, na nyumba iliyo nayo inaweza kuhamishia githeri ndani. Isiyo nayo ikubali ukweli huo mapema na igawe kazi waziwazi: kinachopikwa chini ya saa moja kwa sufuria ndogo kipangiwe ndani, kinachokokota saa nyingi au kuhitaji sufuria kubwa kipangiwe nje. Uamuzi huo ukishafanywa, vipimo karibu vyote vinafuata.

Wazo la kupima jiko kwa hatua za mpishi lina karibu karne moja. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, na yeye alikuwa ametazama jinsi wapishi wa mabehewa ya treni wanavyolisha watu wengi katika nafasi finyu. Miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieneza kanuni ya pembetatu ya kazi: sinki, meko na friji ziwe kwenye ncha tatu, kila upande usipungue mita 1.2 wala kuzidi mita 2.7, na pande zote tatu zikijumlishwa zisizidi mita 8. Pembetatu ikiwa kubwa mno mpishi huchoka kwa kutembea. Ikiwa ndogo mno, hakuna pa kuweka sufuria iliyoipuliwa.

Kanuni hiyo ilibuniwa kwa mpishi mmoja, moto mmoja na mlango usiotumika sana. Gakindu haiko hivyo. Mlango wa nyuma ndio mlango mkuu wa chakula: maji ya tenki, maziwa kutoka zizini, ndizi na sukuma kutoka shambani, makaa kutoka riko, vyombo vichafu kwenda kuoshwa. Pembetatu hapa ina ncha ya nne, na ncha hiyo iko nje. Mchoro wowote unaouweka mlango wa nyuma mbali kabisa na sinki, au unaomlazimu mtu aliyebeba sufuria ya moto kupita mbele ya anayekaanga, umekosea hata kama umetoka kwa mbunifu mwenye ofisi ya ghorofa.

Chumba cha mita 3.6 kwa 3, yaani futi 12 kwa 10, kinatosha kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Ukuta mrefu wa nje una dirisha, na mwisho wake wa kulia kuna mlango wa nyuma wa sentimita 90. Mlango wa kwenda sebuleni uwekwe kwenye ukuta unaotazamana nao, upande uleule wa kulia. Hapo njia ya watoto, maziwa na sufuria za riko hupita moja kwa moja ukingoni mwa chumba bila kukata eneo la upishi. Kaunta ichukue umbo la L: mita 2.7 chini ya dirisha, kisha igeuke kufuata ukuta mfupi wa kushoto. Sinki likae chini ya dirisha, katikati yake ikiwa mita 1.5 kutoka pembeni, na upande wake wa kulia, kuelekea mlangoni, ubaki na sentimita 80 za kuanikia vyombo. Kwenye ukuta wa kushoto, sentimita 60 za kwanza ni kona, 60 zinazofuata ni za kukatia, kisha meko ya gesi yenye upana wa 60, kisha 60 nyingine za kuipulia, na mwisho friji. Kutoka sinki hadi meko ni mita 1.7, kutoka meko hadi friji 1.2, kutoka friji kurudi sinki karibu 2.7. Jumla ni mita 5.6. Katikati ya chumba hubaki sakafu ya kutosha watu wawili kupishana, mmoja akiwa na sufuria mkononi.

Chumba chembamba zaidi, tuseme futi 7 kwa 12, hukubali kaunta mbili zinazotazamana kwa shida. Nafasi kati yake isishuke chini ya mita moja, na hilo hulazimisha kaunta ya upande mmoja iwe nyembamba, sentimita 40 badala ya 60. Mara nyingi mstari mmoja na meza ya kusogezwa hufaa kuliko hivyo. Umbo la U linapendeza machoni lakini hula mlango. Kisiwa cha katikati, kinachoonekana kwenye kila picha ya nyumba za kuuzwa, kinahitaji mita moja wazi pande zake zote, na katika chumba cha futi 12 kwa 10 ni kizuizi cha bei ghali.

Kimo cha kaunta ni jambo ambalo mafundi hulimaliza kwa neno moja: sentimita 90. Kipimo hicho kimetokana na makabati ya kiwandani, nacho ni kizuri kwa kukata vitunguu na kuosha vyombo, kwa sababu mkono hufanya kazi ndogo vizuri sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kwa mtu wa kimo cha mita 1.6, kiwiko kiko karibu na mita moja, hivyo 85 hadi 90 ni sawa. Lakini kazi nzito za huku hazifanywi kwa vidole. Mukimo hupondwa. Viazi, mahindi, maharagwe na majani ya malenge vikiwa vimeiva kwenye sufuria, mchi wa mti hushuka kwa uzito wa mabega, na hakuna mtu anayeweza kuponda ndani ya sufuria iliyo juu ya kaunta ya sentimita 90 bila kupanda kigoda. Unga wa chapati nao hukandwa kwa viganja na uzito wa mwili. Ugali wa watu wanane husongwa kwa mkono mzima.

Hesabu ya ugali inaeleza mengi. Meko ya kusimama yana kimo cha sentimita 90. Sufuria ya kina cha 25 ikiwekwa juu yake, ukingo unafika mita 1.15, juu ya kiwiko cha mpishi wa kawaida. Anayesonga hulazimika kuinua bega, na baada ya dakika kumi huuma. Meko ya mezani yenye kimo cha sentimita 12, yakiwekwa juu ya bamba la zege la sentimita 70, huushusha ukingo huo hadi mita 1.07. Tofauti ni ndogo kwenye futikamba, kubwa begani. Vivyo hivyo kipande cha kaunta cha sentimita 75, hata kikiwa na upana wa mita moja tu, huwa meza ya kukandia chapati, na watoto huitumia kumenya viazi wakiwa wamekaa. Kaunta ya ngazi mbili haionekani kwenye katalogi. Fundi wa mawe huijenga kwa gharama ileile. Mukimo, kwa maoni ya wengi na kwa haki, uachwe upondwe chini, sakafuni, pembe isiyopitwa na watu.

Moto na hewa ndiyo sehemu isiyovumilia kubahatisha, maana nyumba moja ya Mukurwe-ini inaweza kuwa na aina tatu za moto na kila moja ina tabia yake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, hutambaa kama maji na kukusanyika chini ya kabati au kwenye shimo, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi wa kilo 13 hauwekwi ndani ya kabati lililofungwa chini ya sinki, ingawa picha za matangazo huuficha hapo. Mahali pake bora ni nje ya ukuta, wima, ndani ya kizimba cha chuma chenye kivuli na hewa, bomba likipenya ukutani moja kwa moja hadi kwenye meko. Mtungi ukilazimika kukaa ndani, uwe mbali na moto mwingine na ukuta uwe na tundu la hewa karibu kabisa na sakafu. Ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ambao Kenya nzima huuita tu meko, nao unahitaji tundu hilohilo.

Gesi ya samadi hufanya kinyume. Ni nyepesi kidogo kuliko hewa na hupanda, hivyo tundu lake liwe juu karibu na dari. Mukurwe-ini ni nchi ya ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani, na wenye ng'ombe wawili au watatu wana samadi ya kutosha mtambo wa nyumbani. Bomba la gesi hiyo hubeba unyevu. Likiwa na bonde, maji hukusanyika humo na mwali huanza kurukaruka. Lipewe mteremko wa kurudi kwenye mtambo, au mahali pa chini kabisa pawekwe koki ya kumwagia maji. Vichomeo vyake pia si vya gesi ya mtungi, kwa sababu shinikizo ni dogo na matundu yake ni makubwa zaidi. Tena vijidudu vinavyotengeneza gesi hupunguza kasi kwenye baridi. Mwezi wa Julai, katika gathano, msimu wa baridi, ukungu unapokaa hadi saa tano na kila mtu anataka chai, mtambo hutoa kidogo kuliko kawaida. Mpango wa busara huweka kichomeo kimoja cha gesi ya samadi na kimoja cha mtungi, kila kimoja na bomba lake.

Moto wa tatu ni wa kuni, na kosa la kawaida la ukarabati ni kulibomoa riko ili uwanja upendeze. Miezi miwili baadaye hujengwa jingine la mabati ya zamani, baya kuliko la kwanza. Heri riko liingizwe kwenye bajeti. Moshi wa kuni kwenye chumba kilichofungwa huwaletea watoto homa ya mapafu na watu wazima magonjwa sugu ya kifua. Dawa yake si kuukimbia moto bali kuupa njia. Meko ya matofali na udongo yaliyoinuliwa hadi sentimita 60, yenye matundu mawili ya sufuria na bomba la moshi linalopita paa na kuzidi kilele chake, hutumia kuni chache na kuacha kuta nyeupe. Nafasi ya wazi kati ya ukuta na paa ibaki hata baada ya bomba kuwekwa. Sakafu iwe ya saruji ngumu na kwenye kimo kimoja na mlango wa nyuma wa nyumba, na njia ya hatua tatu au nne kati yake iezekwe. Paa hilo dogo la mabati matano au sita huenda likawa sehemu yenye faida kuliko zote za ukarabati mzima, kwa vile mvua ya Aprili huko haichagui saa ya kupakua. Na benchi lisisahauliwe. Baridi ya gathano huwavuta watu kwenye moto, na jiko la gesi, hata likiwa safi vipi, halina pa kuotea.

Maji huamua sinki likae wapi. Likiegemea ukuta wa nje, bomba la maji machafu hutoka mara moja bila kuchimba sakafu. Bomba hilo la inchi moja na nusu au mbili lipewe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, lipitie mtego wa mafuta, yaani kisanduku cha zege chenye kifuniko ambamo mafuta huelea na kuondolewa, kisha liende migombani. Maji ya jikoni hayana sababu ya kuingia kwenye shimo la choo na kulijaza. Kwa kuwa viwanja vingi vinateremka kutoka barabarani, nyuma ya nyumba huwa chini na mteremko hupatikana bure. Nyumba iliyojengwa upande wa pili wa barabara, mgongo wake ukitazama kilima, italazimika kuzungusha bomba kwenye kona. Mfereji wa kampuni ya maji ya Othaya na Mukurwe-ini haupo kila boma, wala hautoki kila saa, hivyo tenki la maji ya mvua ni sehemu ya jiko. Likiwekwa juu ya mnara wa mita 3 na bomba la robo tatu ya inchi, maji hufika sinki kwa nguvu ya kutosha bila pampu.

Sinki la kawaida lina bakuli la sentimita 40 kwa 34 hivi. Sufuria kubwa ya githeri haiingii humo, wala mkebe wa maziwa wa alumini unaorudi kutoka kituo cha kukusanyia. Vitu hivyo huoshwa nje, na mahali pa kuoshea panastahili kuchorwa kama panavyochorwa sinki: bamba la zege lenye kingo, kimo cha sentimita 50, mfereji wake, jua la kukaushia mikebe na mteremko unaojiunga na mtego uleule wa mafuta.

Nyeri iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Jua hupita juu ya paa mwaka mzima, na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazolipata zaidi. Dirisha la jiko likitazama mashariki, mpishi wa asubuhi hupata mwanga na joto kwa pamoja. Likitazama kusini, halitapata jua la moja kwa moja katikati ya mwaka, wakati wa baridi. Usiku taa moja ya katikati huweka kivuli cha mpishi juu ya kisu chake. Taa mbili ndogo chini ya makabati ya juu huondoa tatizo hilo kwa umeme kidogo sana. Soketi zikae juu ya kaunta, angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki, ya friji ikiwa peke yake, na waya wa birika la umeme usivuke juu ya meko. Fundi wa umeme aambiwe idadi ya vifaa kabla ya plasta, si baada.

Vifaa vya ujenzi vina sheria moja: unyevu utafika. Mbao za kubanwa za MDF hunywa maji kwenye kingo na kuvimba kama mkate, na mahali pa kwanza ni chini ya sinki. Mbao za sipresi zilizokauka vizuri, au milango ya mbao juu ya kuta za matofali, hudumu zaidi. Bamba la zege la inchi tatu lenye wavu wa chuma, likimaliziwa kwa terazo au vigae, hubeba sufuria yoyote. Granaiti ni nzuri na nzito, na haifai kubandikwa juu ya kabati hafifu. Chini, mbele ya miguu ya mpishi, kabati lirudi ndani sentimita 10 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia. Bila hivyo mtu husimama mbali na kuinama siku nzima. Makabati ya juu yaanze sentimita 50 juu ya kaunta na yasizidi kina cha 35. Gunia la mahindi, debe la maharagwe na viazi havihitaji kabati bali stoo kavu yenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka sakafuni na waya wa kuzuia panya.

Shauku ya kuunganisha jiko na sebule imepanda mlima pia. Kabla ya nyundo, fundi apande darini kuona kama mbao za paa zimelala juu ya ukuta huo. Zikiwa zimelala, ukuta unabeba na hautolewi bila boriti ya zege juu ya nafasi itakayobaki. Kuongeza chumba au kubadili umbo la nyumba kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, na mkandarasi anayeajiriwa anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mlango unaofunguka kati ya sebule na jiko, kwa wengi, bado ni jibu bora; chapati zina harufu nzuri kwa saa moja tu.

Mchoro wa karatasi haumwonyeshi mwenye nyumba chochote hadi uwe na ukubwa wa kweli. Kwa hiyo kabla ya kuagiza mfuko wa kwanza wa saruji, kaunta huchorwa kwa chaki sakafuni mwa chumba kilichotolewa vyombo. Maboksi ya dukani yanawekwa mahali pa friji na meko, beseni mahali pa sinki. Kisha anayepika, si anayelipa, anaigiza asubuhi moja: anaingia na ndoo, anajaza birika, anafungua friji, anageuka, anapokea maziwa mlangoni, anatoka na makaa. Boksi linalopigwa teke mara mbili linasogezwa. Kazi hiyo huchukua nusu saa na huweza kuokoa bomba zima.

Majira nayo ni sehemu ya mpango. Januari na Februari ni kavu na jua lipo. Saruji hushika na rangi hukauka. Gathano haina mvua nyingi, lakini plasta hukaa na unyevu kwa wiki kadhaa. Oktoba hadi Desemba ndiyo mavuno makuu ya kahawa pamoja na mvua za vuli, wavunaji wanataka kula, na hakuna anayetaka fundi mlangoni. Riko la nje hutengenezwa kwanza kabisa, ili nyumba iwe na pa kupikia jiko la ndani likiwa limebomolewa. Baada yake huja mabomba ya maji machafu, ya maji safi na ya gesi, kisha nyaya ndani ya kuta, plasta, sakafu, mabamba ya kaunta, vigae, na mwisho makabati na rangi. Siku ya kuunganisha mtungi, kila kiungo cha bomba hupakwa povu la sabuni kwa brashi, koki ikiwa imefunguliwa na vichomeo vimefungwa. Kipovu kinachokua ni uvujaji. Kiungo hukazwa na kupakwa tena. Povu likitulia kote, kiberiti kinaweza kuwashwa, na birika la kwanza la chai likawekwa motoni.